Vifaa Kwanza, Tiba Baadaye: Somo Kutoka Utafiti wa Ubongo



Katika vikao vya kamati za parokia kuna swali linalorudi kila robo mwaka: fedha zilizotolewa zimezaa nini? Ni swali la haki, na anayetoa sadaka yake ana haki ya kuliuliza. Kisima hujibiwa kwa ndoo, darasa hujibiwa kwa madawati. Lakini zipo kazi ambazo kwa miaka mitano ya kwanza hazina kitu cha kupiga picha na kubandika kwenye ubao wa matangazo. Kamati nyingi huzikata kazi hizo mapema, na mara nyingine ni kosa.

Somo la toleo hili linatoka mbali kidogo na visima vyetu. Tumechukua utafiti wa ubongo ambao serikali ya Marekani imekuwa ikiugharimia tangu mwaka 2013. Tumeuchagua kwa sababu ni mfano mkubwa, na hesabu zake ziko wazi, wa mfadhili aliyekubali kulipia vifaa kabla ya kuona mgonjwa hata mmoja aliyeponywa navyo. Mfadhili huyo ni mlipa kodi wa kawaida. Aidha, yaliyoupata mpango huo mwaka 2024 yanaweza kuupata mradi wowote wa parokia, mkubwa au mdogo.

Ugumu wa kazi yenyewe

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Hesabu hii tunaidai kwa watafiti wa Brazil, ambao mwaka 2009 waliipata kwa njia ya kushangaza: waliuyeyusha ubongo mzima ukawa kama supu, wakaikoroga vizuri, kisha wakahesabu viini vya seli katika sehemu ndogo ya supu hiyo na kuzidisha. Kabla ya hapo vitabu vingi vilikuwa vikiandika bilioni 100, na ni vigumu kumpata mtu aliyewahi kuzihesabu.

Kila seli huzungumza na wenzake kwa maelfu kupitia viungo vidogo viitwavyo sinapsi. Magonjwa mengi ya ubongo ni magonjwa ya mazungumzo hayo. Katika kifafa, kundi kubwa la seli hupiga kelele kwa pamoja na kwa wakati mmoja. Katika ugonjwa wa Parkinson, seli chache zinazotoa kemikali ya dopamini hufa, na mtandao mzima wa kuongoza mwendo huvurugika. Katika sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, daktari anaweza kupiga picha ya ubongo asione jeraha lolote. Mfupa uliovunjika huonekana kwa eksirei. Mazungumzo yaliyovurugika hayaonekani.

Fikirini kwaya. Mtu aliyesimama nje ya kanisa husikia wimbo, husikia pia ukipanda na kushuka, lakini hawezi kusema ni nani katika sauti ya tatu aliyeingia mapema. Mtu aliyeweka sikio karibu na mdomo wa mwimbaji mmoja anamsikia huyo vizuri sana na hausikii wimbo. Kwa miaka mingi watafiti wa ubongo walikuwa na njia hizi mbili. Walikuwa na mashine ya MRI, inayosikiliza kutoka nje, na walikuwa na sindano nyembamba ya umeme, elektrodi, inayosikiliza seli moja au chache. Katikati ya hizo mbili, pale ambapo sauti chache hushikana kuwa sehemu ya wimbo, palikuwa giza. Mahali hapo ndipo wataalamu hupaita saketi za ubongo.

Inafaa kuielewa MRI, kwa kuwa picha zake zenye madoa mekundu na ya manjano huonekana sana magazetini na katika maombi ya fedha. MRI ya kazi za ubongo haipimi seli zikifanya kazi. Inapima damu yenye oksijeni inayokimbilia mahali palipofanya kazi, nayo damu huchelewa kwa sekunde kadhaa. Tena kila nukta moja ya picha hiyo hubeba mamia ya maelfu ya seli. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, wakapata doa lililoonyesha ubongo wake "ukifanya kazi". Samaki alikuwa amenunuliwa akiwa amekufa. Walitaka kuonyesha kwamba hesabu za takwimu zisipofanywa kwa uangalifu hata maiti hutoa majibu. Wakati wowote mnapoletewa ripoti yenye picha za kupendeza, mkumbukeni samaki huyo.

Uamuzi wa mwaka 2013

Tarehe 2 Aprili 2013 Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, alitangaza mpango uitwao BRAIN, jina ambalo kwa Kiingereza ni ubongo na pia ni herufi za mwanzo za jina refu la mpango wenyewe. Fedha za kuanzia zilikuwa dola milioni 100 hivi, kupitia taasisi kadhaa za serikali. Kubwa kati ya hizo ni Taasisi za Taifa za Afya, zijulikanazo kama NIH.

Kabla ya kugawa fedha nyingi, NIH iliunda kamati. (Wasomaji wetu watafurahi kusikia kwamba hata huko mambo huanza na kamati.) Iliongozwa na Cornelia Bargmann na William Newsome, ikasikiliza watafiti wa fani mbalimbali kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, na Juni 2014 ikatoa taarifa yake. Iliomba dola bilioni 4.5 kwa miaka kumi: milioni 400 kila mwaka kuanzia mwaka wa fedha 2016 hadi 2020, kisha milioni 500 kila mwaka hadi 2025. Mpangilio wake ndio unaotuhusu. Miaka mitano ya kwanza ingekazia kutengeneza vifaa: hadubini mpya, elektrodi mpya, njia za kuzitia seli alama, njia za kuziwasha na kuzizima, njia za kutambua aina za seli. Miaka iliyofuata ingetumia vifaa hivyo kutafuta majibu. Kamati haikuahidi dawa ya ugonjwa wowote kwa tarehe yoyote.

Linganisheni na yaliyotokea Ulaya. Mwaka huohuo wa 2013 Umoja wa Ulaya ulianza mradi wake mkubwa wa ubongo, uliotangazwa kuwa wa euro bilioni moja. Ahadi iliyoubeba ilikuwa kubwa: kuujenga ubongo wa binadamu ndani ya kompyuta. Mwaka uliofuata mamia ya wanasayansi walisaini barua ya wazi wakilalamikia malengo finyu na uongozi usiosikiliza. Wapatanishi waliitwa, uongozi ukabadilishwa, mradi ukaelekezwa zaidi kwenye kutengeneza zana za pamoja za kompyuta na ramani za ubongo. Ulifungwa mwaka 2023 ukiwa umefanya kazi nzuri, lakini ile ahadi ya kwanza haikutimia. Mimi binafsi siwalaumu walioota ndoto. Nawalaumu waliouza ndoto kana kwamba ni bajeti.

Mwani ulioleta mwanga

Hapa pana kisa ambacho kila mfadhili angepaswa kukijua.

Katika madimbwi ya maji baridi huishi mwani wa kijani wa seli moja. Hauna ubongo wala neva, lakini huogelea kuelekea penye mwanga. Watafiti wachache, hasa wa Ujerumani, walitumia miaka mingi wakiuliza unaonaje. Hebu fikirini ombi la fedha la namna hiyo likiletwa mbele ya kamati yenu. Mwaka 2002 na 2003 jibu lilichapishwa: kwenye ngozi ya mwani kuna protini iliyo kama mlango mdogo. Mwanga wa rangi ya samawati ukiugusa, mlango hufunguka na chembe zenye chaji ya umeme huingia ndani ya seli.

Sasa, seli ya neva nayo huamka kwa njia hiyohiyo, chembe zenye chaji zikiingia ndani yake. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwemo Karl Deisseroth, Edward Boyden na Feng Zhang, pamoja na wenzao wa Ujerumani, walionyesha kwamba ukichukua jeni ya protini ile na kuitia katika seli ya neva, unaweza kuiwasha seli hiyo kwa mwanga, kama mtu anavyobonyeza swichi ukutani. Kwa mara ya kwanza mtafiti aliweza kuuliza swali la kweli la saketi: nikiwasha hawa tu na kuwaacha wale, panya atafanya nini? Atakula? Ataogopa? Atalala? Mpango wa BRAIN ulipoanza ulijenga juu ya msingi huo, na vifaa vingi ulivyogharimia ni vya ukoo wake.

Kisa hakiishii kwa panya. Mwaka 2021 madaktari wa Paris na wenzao walitoa taarifa ya mwanamume wa miaka 58 aliyekuwa kipofu kwa ugonjwa wa retina uliogunduliwa miaka 40 kabla. Walikuwa wametia katika jicho lake moja jeni ya protini ya aina hiyo, iliyotokana na mwani mwingine, wakampa miwani maalumu ya kugeuza taswira kuwa mwanga unaofaa. Miezi ya mazoezi ilipita bila jambo kubwa. Kisha siku moja akiwa njiani na miwani yake alitambua mistari myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu. Baadaye aliweza kuona kitu mezani, kukinyooshea mkono, hata kuhesabu bilauri. Kusoma hakuweza, wala kutambua nyuso. Bila miwani hakuona kitu. Hayo ndiyo matokeo kamili, bila kuongeza chumvi, na yanatosha.

Ramani ya milimita moja

Mwaka 1979 Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliandika kwamba ni bure kuomba yasiyowezekana, na mfano aliotoa ulikuwa ramani kamili ya viungo vyote katika milimita moja ya ujazo ya ubongo. Aprili 2025 ramani ya namna hiyo ilichapishwa. Ni punje ya ubongo wa panya, ndogo kama chembe ya mchanga. Ilikatwa vipande zaidi ya 25,000, kila kimoja chembamba kuliko unywele mara mamia, vikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni, kisha kompyuta ikaviunganisha upya. Ndani yake mna seli zaidi ya 200,000 na sinapsi zipatazo milioni 523. Fedha zilitoka serikalini, sehemu kubwa kutoka idara ya utafiti ya vyombo vya usalama vya Marekani na nyingine kutoka mpango wa BRAIN. Kwamba idara ya usalama inagharimia ramani ya ubongo ni jambo la kumfanya mtu aulize maswali, na ni vyema aulize. Hata hivyo ramani yenyewe imewekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Kazi iliyonivutia zaidi ni ya Oktoba 2024, ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva. Ana seli za neva 139,255 na viungo zaidi ya milioni 50 kati yake. Kompyuta ilifuata nyuzi za neva katika picha, lakini kompyuta hukosea: huunganisha nyuzi mbili zisizohusiana, au hukata uzi mmoja katikati. Ilibidi watu wakague. Wataalamu walishirikiana na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, wengine wakiwa si wanasayansi kabisa, wakifuata uzi baada ya uzi mbele ya kompyuta na kusahihisha. Anayejua kazi ya kuhakiki daftari la waumini kabla ya sensa ya parokia ataelewa uvumilivu unaotakiwa.

Ramani si maarifa yote. Ramani ya neva 302 za mnyoo mmoja mdogo ilikamilika mwaka 1986, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu jinsi mnyoo huyo anavyoamua kugeuka kushoto. Barabara zikiwa wazi kwenye karatasi bado hujui ni gari gani litapita saa ngapi.

Na mgonjwa yuko wapi?

Swali hili haliwezi kukwepwa, na halipaswi. Agosti 2024 madaktari wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walieleza habari za mwanamume wa miaka 45 mwenye ugonjwa wa ALS, unaoua polepole neva zinazoendesha misuli. Maneno yake yalikuwa hayaeleweki tena ila kwa waliomzoea sana. Walipandikiza elektrodi 256 juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza kusema. Alipojaribu kutamka, kompyuta ilisoma ishara za neva na kuandika maneno, kisha ikayasoma kwa sauti iliyotengenezwa ifanane na yake ya kabla ya kuugua. Ilikuwa ikichagua kati ya maneno 125,000, na kwa muda wa miezi ilipatia zaidi ya asilimia 97. Fedha za umma zilikuwemo katika kazi hiyo, na elimu iliyotumika ilitokana na miaka mingi ya kusikiliza neva za nyani na za watu waliojitolea wasiopata faida yoyote kwao wenyewe.

Lakini mtu mmoja si tiba ya watu wote. Tena lipo jambo la kutisha kidogo. Miaka michache iliyopita kampuni moja iliyokuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia vipofu kuona iliishiwa fedha ikaacha kuvihudumia, na watu zaidi ya 350 duniani wakabaki na kifaa machoni kisicho na vipuri wala fundi. Sisi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Ni pampu ya kisima iliyofungwa kwa sherehe, mpira wake ukakatika mwaka wa pili, na aliyeileta hapokei simu. Mpango wa BRAIN ulianzisha kikundi cha wataalamu wa maadili, na moja ya maswali yake ni hili: utafiti ukiisha, nani atalipia kifaa kilichobaki kichwani mwa mtu? Jibu linaloridhisha bado halijapatikana.

Kuna pingamizi jingine, zito zaidi kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 hivi wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wengi wao, hadi asilimia 70, wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kupewa dawa ipasavyo. Fenobabitoni imetumika tangu 1912 na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Mama ambaye mtoto wake ameungua kwa kuangukia jikoni hatafarijiwa na ramani ya ubongo wa nzi. Maoni yangu ni haya: kamati yenye fedha kidogo inunue dawa, ihakikishe haikatiki, na ipeleke mafundisho vijijini kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate. Kulipia mwani na nzi ni kazi ya serikali zenye uwezo, na sisi kazi yetu ni kuzidai ziifanye na zigawe matunda yake. Lakini tusiwabeze wanaoifanya, kwa sababu kwa wale asilimia 30 ambao dawa haziwasaidii, hakuna njia nyingine itakayotokea.

Vyungu viwili

Tuingie kwenye hesabu, maana ndipo penye fundisho kwa watunza hazina.

Desemba 2016 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoutengea mpango huu dola milioni 1,511 kwa miaka kumi. Fedha hizo hazikugawanywa sawasawa kila mwaka, ratiba yake ilipanda na kushuka. Kwa hiyo mpango ukawa unakula kutoka vyungu viwili: chungu cha bajeti ya kawaida, na chungu cha sheria hiyo chenye tarehe ya kwisha.

Mwaka wa fedha 2023 chungu cha pili kilitoa milioni 450, ya kwanza ikatoa milioni 230, jumla 680. Haukuwahi kupata kiasi kama hicho. Mwaka uliofuata ratiba ya sheria ilishuka hadi milioni 172. Wengi walitumaini bajeti ya kawaida ingeongezwa kuziba pengo. Haikuongezwa. Jumla ikawa milioni 402, pungufu ya asilimia 40 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2025 sheria ilitoa milioni 91 tu, jumla ikawa 321. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala kazini. Kushuka huko kulikuwa kumeandikwa ndani ya sheria tangu 2016, kila mwenye macho aliweza kukisoma.

Athari yake haionekani haraka, nayo huumiza taratibu. Ruzuku mpya hupungua, na zile zinazoendelea hupunguzwa. Panya waliofugwa kwa vizazi hawawezi kuwekwa stoo wakisubiri bajeti. Fundi wa hadubini aliyejifunza kazi kwa miaka sita hupata ajira kwenye kiwanda na harudi. Vifaa vilikuwa vimekamilika wakati huohuo, yaani mkulima amemaliza kutengeneza jembe, mvua imenyesha, na fedha ya mbegu imekatwa.

Mbale na Mbarara

Msomaji anaweza kudhani mambo haya yote yako ng'ambo. La hasha. Mbale, mashariki mwa Uganda, ipo hospitali ya watoto ya shirika la Kikristo la CURE, inayojulikana kwa kutibu watoto wenye vichwa vikubwa kutokana na maji kujaa ubongoni. Wengi wao hupata hali hiyo baada ya maambukizi ya utotoni. Njia ya zamani ni kupandikiza mrija wa kupeleka maji tumboni. Mrija ukiziba, mtoto anahitaji upasuaji wa haraka, na kijiji kiko mbali. Daktari Benjamin Warf aliendeleza hapo njia ya kufungua mlango ndani ya ubongo wenyewe bila kuacha mrija. Je, akili za watoto hukua vizuri vilevile? NIH iligharimia jaribio la watoto 100, na mwaka 2017 matokeo yakatolewa: baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili. Hilo lilikuwa jibu la maana, kwa kuwa liliondoa hofu kwamba mtoto asiyewekewa mrija anapunjwa.

Kazi ya aina hiyo inahitaji picha za ubongo, na picha ndizo adimu. Uchunguzi wa mashine za MRI Afrika Magharibi uliochapishwa 2018 ulikuta 84 kwa watu milioni 370. Mashine ya kawaida ina sumaku ya tesla 1.5, kwa desturi hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, hutaka chumba maalumu na umeme usiokatika. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, magharibi mwa Uganda, iliundwa mashine ya namna nyingine. Sumaku yake ni ya tesla 0.05, yaani dhaifu mara 30, imetengenezwa kwa sumaku ndogo nyingi za kudumu zilizopangwa katika pete 23. Haihitaji heliamu. Vipande vyote na vifaa vya kuviunganishia vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi 4 na watu 6 ambao hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo walianza kupanga sumaku moja moja, wakasuka koili, wakaunda toroli la alumini, na baada ya siku 11 hivi tangu mzigo ufike, picha ya kwanza ilitoka.

Picha zake hazina ung'avu wa mashine kubwa. Lakini daktari wa upasuaji hahitaji kuona kila kitu, anahitaji kujua maji yako wapi na mengi kiasi gani. Ipo hatari moja: kompyuta za kisasa zinaweza kuisafisha picha hafifu ipendeze, na katika kusafisha zikaweka kitu ambacho hakipo. Samaki wetu tena. Kinachonipa moyo ni wale watu 6. Mashine hiyo ikiharibika kesho, wapo Mbarara watu wanaojua pete ya kumi na tatu imekaaje.

Kwa majadiliano ya kamati

Someni somo hili kabla ya kikao, kisha jadilianeni kwa utulivu, mkianzia na mradi mmoja mnaoujua nyote.

Katika mradi wenu, ni fedha zipi ziko katika chungu cha kudumu na zipi zina tarehe ya kwisha? Tarehe hiyo imeandikwa wapi, na nani kati yenu ameisoma?

Mlipopokea kifaa cha mwisho, iwe pampu, jenereta au kompyuta ya ofisi, ni watu wangapi wa hapa waliofundishwa kukifungua na kukifunga? Wangapi kati yao bado wapo?

Katika zahanati iliyo karibu nanyi, dawa ya kifafa ilikatika lini mara ya mwisho, na kwa siku ngapi?